Osuga ya Siku Tatu

Uriri, 6 Machi 1994

Kwa wifi yangu Dolphine, Mama Lynnet,

Pokea salamu hizi hata kama zinanuka omena, kwa maana Bosibori anayekuletea barua huitia ndani ya ndoo yake ya kununulia samaki. Huku sisi tuko wazima kiasi cha kuandika. Mvua imetangulia mwaka huu, mahindi yameota, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kaka yako Cephas bado yuko Macalder anachimba. Kila baada ya wiki mbili anakuja na udongo masikioni, na dhahabu ameiacha hukohuko chini. Lynnet amepanda darasa? Msalimie baba yake.

Sasa Mama. Tangu Krismasi tumbo lake limekataa chakula. Yule wa zahanati alisema ni vidonda na uzee, apikiwe vitu laini. Nimempikia uji, viazi, mchuzi wa kuku, ndizi za kuponda. Anaonja kijiko kimoja, anasukuma bakuli. Anataka osuga tu, ile mboga mnayoiita mnavu kwa Kiswahili, na anaitaka ile ya nyumba hii, ya maziwa, inayokaa siku tatu.

Wifi, wewe unajua mambo ya boma lenu, lakini acha niyaseme niliyo nayo moyoni. Mwaka wa tano huu nimeolewa hapa na bado napikia jikoni kwa Mama. Hajaniwekea mafiga. Mama yangu mzazi hajawahi kunitembelea, kwa sababu atakula wapi na mimi sina jiko? Mama amesema wazi, mbele ya Cephas, kwamba siku nitakayompikia osuga akamaliza bakuli ndiyo siku ataniwekea mawe matatu kwa mkono wake. Na mkono wenyewe, wifi, umekuwa mwembamba. Akiondoka kabla, nani ataniwekea? Hakuna mwingine anayeruhusiwa.

Nimemwomba anifundishe. Anasema si kazi yake, bibi-arusi hufundishwa na msichana wa nyumba. "Muulize Dolphine. Msichana wangu anajua." Majirani wamenifundisha njia zao tatu, na kila nikipika Mama ananusa tu na kunitajia osuga hiyo imetoka boma gani.

Basi nakuomba uniandikie. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu bado kinachekwa sokoni, na Kikuria changu nawe hukijui.

Wako, Mellen


Homa Bay, 2 Mei 1994

Kwa Mellen,

Barua yako ilifika. Sisi wazima. Lynnet yuko darasa la tano na anavaa viatu vya nambari yangu. Baba yake anatengeneza mashua pale ufuoni, mgongo unamsumbua. Samaki wamepungua kwa sababu yale magugu yamefunga maji, unaweza kudhani ni shamba.

Pole kwa kumwuguza Mama. Mpe maji ya kunywa yaliyochemshwa, na uji upikwe kwa muda mrefu, usiwe wa haraka haraka.

Kuhusu osuga, hicho si kitu cha kuandikwa. Mtu anajifunza kwa kusimama jikoni. Cephas alikula ile osuga akiwa mdogo, mwulize.

Dolphine


Uriri, 19 Mei 1994

Mpendwa wifi Dolphine,

Nimefurahi kusikia Lynnet amekuwa mkubwa wa miguu. Ndama wetu naye anaruka. Cephas alikuja Ijumaa akaondoka Jumapili. Nilimwuliza kuhusu osuga kama ulivyosema, akacheka hadi akakohoa. Yeye alikuwa akiletewa sahani tu, na mwanamume wa boma hili akichungulia ndani ya chungu ni habari ya mwezi mzima.

Unaniambia nisimame jikoni. Wifi, nimesimama jikoni humo miaka mitano mpaka moshi umenijua jina. Nisimame kwa nani? Mama hawezi tena kutoka kitandani mpaka jikoni bila kushikwa, na hata angeweza, amekataa. Anarudia lilelile, kwamba Dolphine anajua. Juzi aliniuliza kama barua yako imekuja. Nikasema imekuja. Akauliza, "Amesema nini juu ya osuga?" Nilimdanganya kwamba utaandika baadaye. Akalala akiwa amefungua macho.

Mficha uchi hazai, ndiyo maana nakuuliza bila aibu. Je, nimekukosea? Kama ni kwa sababu mimi ni Mkuria, sema. Wengine wamenisemea hilo mbele ya uso wangu na bado nawapikia chai. Lakini Mama anakonda. Jana nilimbeba kumtoa juani, nikashangaa, maana gunia la mkaa ni zito kumshinda.

Andika hata kwa ufupi, nami nitaelewa.

Mellen


Homa Bay, 30 Juni 1994

Mellen,

Nilichelewa kwa sababu ya mazishi ya jirani na kwa sababu nyingine.

Umenisumbua, basi chukua. Chuma osuga, osha, katakata. Tia chunguni pamoja na maji. Yakichemka tu, mimina maziwa hapo hapo, moto ukiwa mkali, funika vizuri na uache vichemke pamoja hadi uone yanainuka. Tia chumvi. Maji usimwage, yana nguvu ya mboga. Acha mpaka kesho, chemsha tena sana. Kesho kutwa vilevile. Ni hivyo tu.

Hujanikosea. Usimwulize Mama kama ndivyo. Mpikie tu.

Lynnet anakusalimu.

Dolphine


Uriri, 17 Julai 1994

Kwa Dolphine,

Salamu. Ndama alikufa. Mahindi yako kwenye ndevu. Cephas hajambo.

Nilipika ulivyoandika, neno kwa neno, barua yako nimeibandika ukutani kwa ugali. Maziwa yalikatika palepale yakawa madonge na maji ya kijani. Nikajiambia labda ndivyo inavyoanza, nikavumilia siku tatu. Siku ya tatu ilikuwa chungu hata paka hakukaa karibu. Bado nikampelekea Mama, kwa sababu nilikuamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu.

Alionja. Hakutema. Alishikilia ile mboga mdomoni, akaniuliza, "Nani amekufundisha?"

Nikasema, "Dolphine."

"Sema tena."

"Ni Dolphine, Mama. Ameandika. Barua iko jikoni."

Akameza. Akageukia ukuta, na kwa siku mbili hakula wala hakusema, nikamlowesha midomo kwa kitambaa kama mtoto. Mimi ndiye niliyekaa hapo. Wewe hukuwepo.

Sasa niambie, ulicheka ulipokuwa ukiandika? Kama hukutaka nipate mafiga ungeandika hivyo, ningejua. Lakini umepitisha chuki yako kwenye tumbo la mama yako mgonjwa. Hata kwetu, ambako mnasema sisi ni watu wa mishale, hatufanyi hivyo.

Mellen


Homa Bay, 8 Agosti 1994

Mellen,

Leo sina salamu. Soma hii, halafu uitie motoni. Usimsomee Mama.

Mimi sijui kupika osuga ya nyumba ile. Sijawahi kujua. Mwaka wa ile njaa nilikuwa na miaka tisa. Shangazi alikuja kutoka huku ziwani akasema anataka msichana wa kumlelea watoto. Mama aliniogesha, akanivika gauni la kitambaa cha pazia, akanipeleka barabarani. Alisema ni mpaka mvua irudi. Mvua ilirudi. Mwaka uliofuata ikarudi tena. Cephas alibaki nyumbani kwa sababu ni mvulana, na mimi nilikaa kwa shangazi hadi nikaolewa kutoka kwa shangazi, na Mama alikuja siku ya mahari akakaa na wageni.

Nilichojifunza kwa shangazi ni samaki. Naweza kukuchemshia mbuta asivunjike hata kidogo. Maji yasiruke, usikoroge, shika sufuria kwa masikio uitikise. Nilipigwa kwa ajili ya samaki waliovunjika mpaka nikajua. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Nilikunjwa, lakini si na Mama.

Ulipoandika mara ya kwanza nilitaka kukujibu kwamba sijui, nikashindwa. Mtu atasemaje kwamba hajui chakula cha mama yake? Ulipoandika mara ya pili nilikaa nikakumbuka. Nakumbuka harufu. Nakumbuka maziwa yakiinuka chunguni na Mama akisema nisogee nisiungue. Hayo tu. Mengine nilitunga, na huko nilikobuni ndiko ulikopikia.

Sikucheka. Lakini Mama anaposema "msichana wangu anajua," ananijua mimi yupi? Alinifundisha lini? Hilo ndilo ninalotaka aniambie, kabla hajafa. Osuga siitaki.

Dolphine


Uriri, 21 Agosti 1994

Dada Dolphine,

Nisamehe maneno ya barua iliyopita. Nilikuwa nimechoka. Huku mzima ni Cephas peke yake.

Nisamehe na hili pia, kwamba nilimsomea Mama barua yako. Aliniona nikiisoma mlangoni nikifuta macho, akaniita. Nilisoma yote, hata pale pa gauni la pazia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kulikuwa na njaa. Kwa shangazi yake kulikuwa na samaki." Baadaye sana, nikidhani amelala, akasema tena, "Nilienda kumchukua mara moja. Nikamkuta amenona. Nikarudi kabla hajaniona."

Asubuhi aliniambia, "Chukua kalamu, nyar Kuria. Andikia nyathina." Dada, tangu nije boma hili mimi ni nyar Kuria, binti wa Wakuria. Sijawahi kuitwa nyathina, mtoto wangu. Haya, niliandika aliyosema, nayo ni haya:

Chuma majani machanga kabla umande haujakauka, acha yenye maua. Osha mara mbili. Maji yachemke kwanza peke yake mpaka yaruke, ndipo utie mboga. Mboga haianzi na maji baridi, hiyo ni viazi. Usifunike. Ukifunika, ule ukali unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini. Ikilegea, mwaga maji yote, kamua kwa mkono hata kama yanaunguza.

Maziwa yachemshe chombo kingine, yainuke, yatoe, yapoe hadi kidole kivumilie. Mboga irudishe chunguni. Toa kuni zote, baki na makaa. Mimina maziwa kidogo kidogo kando ya chungu. Hapo isichemke. Itokote tu polepole, povu moja huku, jingine kule, kama mtu anayepumua usingizini. Ukisikia inapiga kelele, toa kaa moja. Kaa nayo. Anayetia maziwa na kwenda kisimani hana mboga. Yakikauka nusu, epua.

Siku ya pili ipashe kwa makaa, ongeza maziwa, subiri vilevile. Siku ya tatu ni hivyo hivyo, halafu kijiko cha samli. Chumvi utatia mwanzoni, kama kawaida.

Mama anasema uje upike wewe. Anasema mimi nisiiguse kabla yako, msichana wa nyumba huanza, halafu mimi nitajifunza kwa kukutazama. Njoo mwezi ujao, Mama hana miezi mingi.

Mellen


Homa Bay, 3 Oktoba 1994

Mellen,

Nilifika salama. Lynnet alikuwa amempikia baba yake ugali mbichi siku zote tano.

Naandika kwa sababu niliondoka bila kukuaga, na wewe hukunikosea kitu. Uliniamsha mapema tukachuma pamoja. Ulinishikia chungu nilipomwaga maji, na ni wewe uliyeniletea kopo la chumvi nilipolitafuta. Nilikuona umesimama pale mlangoni siku ya kwanza maziwa yalipoanza kukatika, umekunja mikono, nikajua unanihurumia. Nilipunguza makaa, nikatoa moja, nikatoa lingine, nikabaki na matatu. Yakakatika tu. Nikasema siku ya pili yatarudi. Nani amewahi kuona maziwa yakirudi?

Nataka ujue tuliyosemezana mle ndani, kwa sababu ulikuwa nje. Nilimpelekea siku ya tatu ndani ya bakuli lake la zamani. Aliangalia tu. Akasema, "Nilikuambia kila kitu." Nikasema, "Nimefuata kila kitu, Mama." Akasema, "Mtu akifuata haikatiki. Bado umenikasirikia, ndiyo maana."

Mellen, nilisafiri na mboga hiyo kichwani wiki nzima. Nilikaa na makaa hayo siku tatu kama mtu anayelinda mgonjwa. Nilifikiri akila, nitamwuliza lile neno langu naye atajibu. Sikuuliza. Nikaweka bakuli chini, nikachukua mfuko wangu.

Kumbe kuna mikono ambayo hata ikielekezwa haiwezi. Wangu ni wa samaki. Mpikie wewe sasa, umeona inavyofanywa. Mimi sitarudi huko akiwa hai.

Dolphine


Uriri, 27 Novemba 1994

Dada Dolphine,

Tangu tumzike Mama ni wiki nne kesho. Nilikuona ulipokuja. Ulikaa na wazee wa upande wa shangazi, ukalia kwa sauti ndogo, na chakula changu hukukigusa. Wakati udongo unasawazishwa ulikuwa umeshapanda gari. Nilikufuata hadi barabarani nikiwa na maneno haya mdomoni, nikayarudisha. Sasa nayaandika, kwa sababu karatasi haitanitazama usoni.

Mama hakusema chumvi itiwe mwanzoni. Alisema hivi, na nayaandika sasa kama alivyoyasema: "Chumvi usiguse mpaka siku ya tatu, maziwa yakishakubaliana na mboga. Ukitia mapema maziwa yanakatika, na hapo hata Mungu hayaungi." Alinirudisha hapo mara mbili ili nisikosee. Mimi nikaandika nilivyoandika.

Utauliza kwa nini. Miaka mitano nilimwosha miguu. Nilijifunza kikohozi cha kiu na kikohozi cha maumivu. Wewe uliandika barua moja ya hasira, ukaitwa nyathina, ukaamriwa uanze, na mimi nikaambiwa nisiguse. Niliona utakuja siku tatu, upike mara moja, ale, afurahi, afe, na mimi nibaki bila mafiga, nikitazama. Kwa hiyo niliandika mstari huo, na ulipotafuta chumvi nilikuletea. Pale mlangoni sikuwa nakuhurumia.

Ulipoondoka nilingoja siku kumi. Nikapika kama alivyosema, chumvi siku ya tatu. Alimaliza bakuli, akapangusa kwa kidole. Asubuhi yake aliomba abebwe hadi nyumbani kwangu, akashika kila jiwe kwa mikono miwili akaliweka. Mawe matatu. Akaniita nyathina. Nililisubiri neno hilo, na lilipokuja nilitamani ardhi ipasuke.

Kuna lingine, na hili ndilo linalonizuia kulala. Siku ile ya mawe aliniambia, "Wewe si wa tumbo langu na umenisikia. Yule wangu niliyemtoa kwa njaa alikuja kunionyesha kwamba hatanisamehe. Ana haki." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikasema, "Pumzika, Mama." Wiki ya pili akafariki akiamini hivyo.

Sikuombi msamaha. Nikikuambia kwamba ningeyarudisha mafiga ili irudi siku ile, labda nitakuwa nimekuongezea uongo mwingine. Sijui. Nina mimba ya miezi mitatu, Cephas anafurahi, na mama yangu atakuja kunitembelea Januari kwa mara ya kwanza. Kila kitu nilichotaka ninacho. Nakiogopa.

Cephas hajui. Ukitaka kumwambia, mwambie.

Mellen


Homa Bay, 11 Januari 1995

Mellen,

Barua yako Bosibori aliileta kabla ya Krismasi. Niliisoma mara moja, nikaificha mahali Lynnet hafiki.

Nilipika. Nilianza siku ya Krismasi kwa makaa, na siku ya tatu nikatia chumvi. Maziwa hayakukatika. Ilikuwa tamu na nzito, na baba Lynnet aliuliza kama imebaki. Lynnet akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni nyanya yake. Nilimwambia alinisimamisha jikoni mwake nikiwa na miaka minane, akanishika mkono wenye mwiko. Nimeidanganya damu yangu, lakini ni uongo ambao Mama alinidai kila aliposema najua, na sasa Lynnet atamwambia binti yake.

Kisha nilitoka nje nikalia kama sikuwa nimelia mazishini. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sawa. Mama alikuwa amefungua mlango, na mimi niliingia, na wewe uliusukuma kutoka nje tukabanwa wote wawili, yeye kwa upande wake na mimi kwa wangu. Alikufa akidhani nimemkataa. Nimekaa miezi mitatu nikidhani amenikataa. Lile neno nililotaka kumwuliza sasa nalijibu mwenyewe kila siku, na kila siku nalijibu tofauti.

Sitamwambia Cephas. Ana mama mmoja aliyekufa vizuri, mwache naye. Mafiga kaa nayo, Mama aliyaweka kwa mkono wake na mimi si mtu wa kung'oa. Usiniandikie tena. Bosibori nimemwambia asibebe.

Lakini nakuachia jambo moja la desturi yetu, kwa kuwa umesema msichana wa nyumba ndiye hufundisha bibi-arusi. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Ukizaa msichana, wazee watampa la Mama, na hutakuwa na la kusema. Mama alikuwa akiitwa Awino. Wewe hujawahi kulitamka jina hilo, heshima ya mkwe haikuruhusu. Sasa utalitamka. Utapika kwenye mafiga yako, utapakua, utasimama mlangoni mchana kweupe majirani wakisikia, na utaita, "Awino, njoo ule." Utaita hivyo kila siku ya maisha yako, na utangoja uone kama atakuja.

Dolphine